Namna ya Kuiharibia Nyama Jina

Anza na bega la nguruwe. Katika viwanda vya nyama vya Marekani vya miaka ya 1930, hiyo ndiyo sehemu iliyowasumbua wauzaji. Paja lilikuwa na wateja wake, mbavu zilikuwa na wateja wake, lakini bega lina mifupa iliyokaa vibaya na kuichomoa nyama yake ni kazi isiyolipa. Kampuni ya Hormel, yenye makao katika mji mdogo wa Austin, jimbo la Minnesota, ilikuwa ikiuza nyama ya paja ndani ya makopo tangu 1926. Mwaka 1937 ikaligeukia bega: ikalisaga pamoja na nyama ya paja, ikatia chumvi, sukari, maji na dawa kidogo ya kuhifadhi, ikaziba mchanganyiko huo ndani ya kopo la pembe nne la gramu 340, kisha ikalipika kopo zima likiwa limezibwa. Chakula hicho hakikuhitaji jokofu. Unafungua, unakata vipande, unakaanga.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kutengeneza neno la kero: tafuta kitu kisicho na kosa lolote. Neno ninalolizungumzia ni spamu, ambalo Waingereza na Wamarekani wanalitumia kwa kila ujumbe usioombwa unaomwagika kwenye simu na kompyuta, na ambalo Waswahili wengi tunaliita barua taka. Nimeamua kulieleza kwa mtindo wa mwongozo, hatua baada ya hatua, kwa sababu kila hatua ilifanywa na watu halisi na wengi wao hawakukusudia ubaya. Ukijua kero inavyotengenezwa, utajigundua mapema siku utakapokuwa unaitengeneza wewe.

Nyama yenyewe kwa wasomaji wengi wa pwani ni haramu, na bara wanaoila nguruwe wanapenda kumwita kitimoto na kumla akitoka buchani moja kwa moja hadi kwenye kikaango. Kisa hiki hakimlazimishi mtu kuionja. Aliyewahi kula nyama ya kopo ya Tanganyika Packers kutoka Kawe, ambayo ilikuwa ya ng'ombe, anaujua ulaini ule, chumvi ile, na namna nyama inavyotoka ikiwa na umbo la kopo.

Hatua ya pili ni jina. Jay Hormel, mwenye kampuni, alitoa zawadi ya dola 100 kwa atakayeleta jina zuri, na aliyezinyakua alikuwa mwigizaji aitwaye Kenneth Daigneau, ndugu wa mmoja wa makamu wa rais wa kampuni hiyo. Alipendekeza SPAM. Wengi wanaamini ni kifupi cha maneno mawili ya Kiingereza, spiced na ham, yaani nyama ya paja iliyotiwa viungo. Angalia jinsi jina hilo lilivyo: silabi moja, linaanza kwa kufoka na kuishia kwa midomo kufungwa. Mtoto analitamka. Mlevi analitamka. Watu wengi wanaweza kulipaza pamoja bila kufundishwa. Jina refu la heshima lisingefika tunakokwenda.

Sasa inahitajika vita.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, jeshi lilihitaji nyama isiyooza ndani ya meli, isiyooza jangwani, isiyooza kwenye visiwa vya Pasifiki. Zaidi ya ratili milioni 100 za Spam zilivuka bahari kulisha majeshi ya Marekani na ya washirika wake. Wasovieti waliipata pia kupitia mpango wa misaada ya vita ulioidhinishwa Washington mwezi Machi 1941, na Nikita Khrushchev aliandika baadaye katika kumbukumbu zake kwamba bila nyama hiyo wangeshindwa kulilisha jeshi lao. Watu waliokuwa na njaa hawasahau kilichowashibisha, na ushahidi huo unatosha kuiondolea nyama hiyo lawama.

Ila askari wa Kimarekani aliyelishwa nyama ya kopo asubuhi, mchana na jioni, wiki baada ya wiki, alifika mahali akaichukia. Nyingi ya nyama hizo hata hazikuwa za Hormel. Zilikuwa za viwanda vingine vilivyofuata vipimo vya serikali. Askari hakujali. Kila nyama laini ya kopo kwake ilikuwa Spam, na hasira yake aliielekeza kwa aliyeibuni. Jay Hormel alipokea barua nyingi za matusi kutoka vitani hata akazitengea jalada lake. Fikiria mtu anayekaa ofisini Minnesota, anafungua bahasha kutoka upande wa pili wa dunia, anasoma matusi kwa sababu ya chakula ambacho hakumlazimisha mtu yeyote kukila. Aliyekilazimisha ni afisa ugavi wa jeshi.

Uchungu wa kisa hiki unaanzia hapo. Uzuri au ubaya wa nyama haukuhusika kabisa. Linganisha na Hawaii, ambako Spam hukaangwa, ikawekwa juu ya tonge la wali na kufungwa kwa utepe wa mwani, na watu huinunua kwa hiari yao kila siku. Linganisha na Korea Kusini, ambako ilitoka katika kambi za Wamarekani, ikaingia kwenye mchuzi wa pilipili unaoitwa budae jjigae, na leo hupangwa kwenye masanduku ya zawadi ambayo watu hupelekeana wakati wa sikukuu ya mavuno ya Chuseok. Kopo ni lile lile. Mkorea analipokea kwa mikono miwili kwa sababu limetoka kwa mtu anayemjali. Askari alipewa bila kuulizwa, akapewa tena, na kesho akapewa tena. Basi hatua ya nne iandike kwa wino mzito: mpe mtu kitu ambacho hakukiomba, mrudishie bila kukoma, na usimwachie mlango wa kukataa.

Uingereza ilikuwa mwanafunzi mzuri wa somo hilo. Chakula kilianza kugawiwa kwa vipimo Januari 1940, na mgawo wa nyama haukumalizika hadi Julai 1954, miaka tisa baada ya vita kwisha. Kwa muda wote huo nyama mbichi ilikuwa haba, na kwa miaka kadhaa nyama ya kopo kutoka Marekani ilipatikana kwa pointi za kitabu cha mgawo. Kizazi kizima kilikua kikiila nyumbani na shuleni, imepakwa unga na kukaangwa. Watoto wa kizazi hicho walipofika umri wa kuandika vichekesho vya televisheni, walikuwa na la kusema.

Tarehe 15 Desemba 1970, BBC ilirusha kipindi cha kikundi cha wachekeshaji cha Monty Python. Katika kichekesho kimoja, mume na mke wanaingia kwenye mkahawa wa kawaida huko Bromley, kusini mwa London. Mhudumu anawasomea orodha ya vyakula. Kuna yai na Spam. Kuna soseji na Spam. Kuna milo ambayo Spam imetajwa mara tatu au nne, na hata kamba-mti waliopikwa kifahari kwa mtindo wa Kifaransa wamewekewa yai na Spam juu. Mke haipendi nyama hiyo. Anauliza, kwa adabu kabisa, kama anaweza kupata mlo usio nayo. Mhudumu anashangaa kana kwamba ameombwa kupika mawe. Na kwenye meza za pembeni wamekaa mashujaa wa Kiviking, wenye kofia za pembe, ambao kila neno hilo linapotajwa wanaanza kuliimba, kwanza taratibu, kisha kwa sauti kubwa, hadi mume na mke hawasikilizani. Neno hilo hutamkwa zaidi ya mara mia ndani ya dakika chache. Hata majina ya waandaaji mwishoni mwa kipindi yalichomekewa Spam katikati.

Mimi naona kichekesho hicho kilifanya kazi ambayo wanazuoni wa lugha wasingeifanya kwa vitabu. Kilimweka mbele yetu mwanamke mmoja mwenye ombi dogo la haki, na kelele inayomfunika. Hatusikii hoja dhidi yake, wala hatukanwi. Anazidiwa tu na wingi. Yeyote aliyewahi kutafuta ujumbe wa mgonjwa wake katikati ya matangazo arobaini anajua alivyojisikia mama yule.

Hatua inayofuata inawahitaji vijana wenye kompyuta na muda wa kupoteza. Katika miaka ya 1980 palikuwa na michezo ya maandishi matupu iliyochezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia mitandao ya vyuo vikuu, na vyumba vya mazungumzo vya aina hiyo hiyo. Skrini ilionyesha mistari michache. Aliyetaka kuwakomoa wenzake alimwaga maneno mengi kwa mpigo, mazungumzo yao yakasukumwa juu na kupotea. Wengi wa vijana hao walikijua kichekesho cha mkahawa kwa moyo, na baadhi yao walimwaga neno lile lile, Spam, mstari baada ya mstari. Jina la kitendo likapatikana hapo. Machi 1993 msimamizi mmoja wa Usenet, ule mtandao wa mabaraza ya majadiliano uliotangulia mitandao ya kijamii, aliandika programu ya kusafisha mabaraza; programu ikaharibika na kutuma jumbe zipatazo 200 kwenye baraza moja. Alikuwa na nia njema, na watu waliliita tukio lake spamu.

Ni vizuri kukumbuka kwamba kero yenyewe ilikuwa na umri mkubwa kuliko jina. Mwezi Mei 1864, wabunge na watu mashuhuri wa London waligongewa milango jioni na watarishi wa simu za maandishi. Enzi hizo simu ya namna hiyo ilimaanisha msiba au dharura ya nchi. Ukiifungua, ukakuta madaktari wa meno wa mtaa wa Harley wanakujulisha saa zao za kufungua. Mmoja wa waliopokea aliliandikia gazeti la The Times kuuliza wana haki gani ya kumsumbua. Swali lake bado halijazeeka.

Na tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya kompyuta ya Digital, aliwatumia watu wapatao 400 wa ARPANET, mtandao uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, tangazo la kuwaalika kwenye maonyesho ya mashine mpya huko California. Mtandao mzima wakati huo ulikuwa na watumiaji wachache hivi kwamba anwani zao zilichapishwa kwenye kitabu. Msaidizi wake alizichapa moja moja kwa mkono. Zilikuwa nyingi kuliko nafasi iliyotengwa kwa wapokeaji, zikafurika hadi ndani ya barua yenyewe, kwa hiyo aliyefungua alikutana kwanza na majina ya watu wengine, kisha tangazo lililoandikwa lote kwa herufi kubwa. Maafisa waliosimamia mtandao walikasirika na kuonya lisirudiwe. Thuerk mwenyewe amesema kwa miaka mingi kwamba tangazo hilo liliiletea kampuni mauzo ya mamilioni ya dola. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mbolea ya yote yaliyofuata: kwamba inalipa.

Waliopanda mbegu mahali penye mbolea hiyo ni mawakili wawili wa Phoenix, Arizona, mume na mke, Laurence Canter na Martha Siegel. Hapa kisa kinatugusa moja kwa moja, maana bidhaa yao ilikuwa bahati nasibu ya Green Card, ile ile iliyowakeshesha vijana wetu wa Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura kwa miaka mingi. Bahati nasibu hiyo ilitokana na sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1990. Mwombaji wa wakati huo angeweza kujaza taarifa zake mwenyewe na kuzituma kwa posta. Canter na Siegel walitoza ada ya kumsaidia. Tarehe 12 Aprili 1994 walitumia programu ndogo ya kompyuta kubandika tangazo lao kwenye mabaraza zaidi ya 5,000 ya Usenet: baraza la wapenda paka, la wanahesabu, la wagonjwa, la wapishi.

Ufundi wao ulikuwa katika jambo moja ambalo nataka msomaji alitazame kwa karibu. Usenet ilikuwa na njia ya kiungwana ya kuweka tangazo moja kwenye mabaraza mengi: nakala ilikuwa moja, na ukishaisoma katika baraza moja hukukutana nayo tena. Wao waliweka nakala tofauti katika kila baraza. Msomaji wa mabaraza kumi alilikuta mara kumi. Alilifuta, akalikuta. Malalamiko yaliyorudi yalikuwa mengi kiasi kwamba mitambo ya kampuni iliyowaunganisha na mtandao ililemewa ikazimika mara kadhaa, na kampuni ikawafungia. Watu hawakuwa na haja ya kutafuta jina la kuliita tendo hilo. Neno lilikuwa tayari limeiva. Tangu siku zile likatoka kwa vijana wa kompyuta likaingia magazetini, na kutoka magazetini likaingia kwenye kamusi.

Wanandoa hao hawakuomba radhi. Waliandika kitabu cha mwongozo, cha kweli, cha kuwafundisha watu kutajirika kwa njia hiyo. Mwaka 1997 Canter alivuliwa uwakili katika jimbo la Tennessee, na tangazo lile lilikuwa miongoni mwa sababu. Nakitaja kitabu hicho kwa sababu nakihesabu kuwa mwongozo mbaya kupita yote iliyotolewa zama zile: kiliwafundisha watu kwamba muda wa mwenzako ni shamba lisilo na mwenyewe.

Hatua ya mwisho ni kumwacha mwenye nyama ahangaike. Hormel ilijaribu kulilinda jina lake mahakamani na haikufanikiwa kulirudisha. Ikabaki na ombi moja la unyenyekevu: nyama iandikwe kwa herufi kubwa zote, na uchafu wa mtandaoni kwa herufi ndogo. Nyama bado inauzwa dunia nzima na mji wa Austin una jumba la makumbusho yake. Lakini mwulize kijana yeyote maana ya neno hilo, atakuonyesha simu.

Sasa tuje kwenye simu yako, maana mwongozo usiofika jikoni kwa msomaji ni kazi bure.

Unaijua meseji hii. Inaingia saa nne asubuhi, kutoka namba usiyoijua, haina salamu: ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja fulani bin fulani. Imeandikwa kana kwamba mmeshazungumza jana. Anayeituma hakujui. Ameituma kwa maelfu, na anachongoja ni mtu mmoja ambaye kweli jana alikuwa akidaiwa kodi, au ada ya mtoto, na ambaye kwa haraka ya asubuhi hatalinganisha namba. Mtu huyo huwapo. Mara nyingi ni mama aliyekusanya hela ya vikoba. Kuna na dada zake: mganga anayerudisha mpenzi ndani ya masaa, mwaliko wa kujiunga na Freemason upate utajiri usiku mmoja, mwana aliyekamatwa na anahitaji kutumiwa na ya kutolea. Hasara ya meseji elfu tisa zilizopuuzwa anaibeba mpokeaji, kwa muda wake na kwa mshtuko wake. Mtumaji hulipa senti. Panapokuwa na hesabu ya namna hiyo, kuomba uungwana pekee hakutoshi, inahitajika sheria.

Sheria zipo, na zinatofautiana kwa swali moja: nani aanze kuuliza? Umoja wa Ulaya mwaka 2002 ulimtaka mtumaji wa matangazo apate kwanza ridhaa. Marekani, kwa sheria yake ya 2003, ilimruhusu atume mradi amwonyeshe mpokeaji njia ya kujitoa. Naona Ulaya ilifanya haki na Marekani ilikosea, kwa kuwa inambebesha mwenye nyumba kazi ya kumfukuza kila mgeni mmoja mmoja. Kenya, katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ilichukua upande wa ridhaa kwa matumizi ya kibiashara ya taarifa za mtu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kifungu chake cha 20 kinashughulikia ujumbe usioombwa, kisha ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022.

Wazee wetu wa pwani walikwishalimaliza suala hili bila bunge. Mgeni hupiga hodi, husubiri aambiwe karibu, na akipiga mara ya tatu bila kujibiwa huondoka, hata kama ameleta habari njema, hata kama amebeba zawadi. Aliye ndani hadaiwi maelezo. Hodi ndiyo ile ridhaa inayotafutwa na Umoja wa Ulaya, na sisi tunayo tangu utotoni.

Ndiyo maana inaniuma kuona tulivyoiacha nje ya simu. Matapeli nawajua, nao wanajijua. Ninaowasema sasa ni watu wema. Ni kamati ya harusi inayomtumbukiza mtu kwenye kundi la michango la WhatsApp bila kumuuliza, na kabla hajasema neno jina lake limeshapangwa kwenye orodha ya ahadi. Ni duka alikonunua viatu mara moja, linalomtumia ofa kila Ijumaa kwa sababu aliacha namba kwenye risiti. Ni shangazi mpendwa anayesambaza dua yenye sharti la kuituma kwa watu kumi, na tahadhari ya ugonjwa ambayo hakuithibitisha. Kila mmoja ana sababu nzuri. Hata nyama ya kopo ilikuwa nzuri. Mchango wa harusi ni jambo la heshima katika jamii yetu, na tunauharibia jina kwa njia ile ile Spam ilivyoharibiwa jina, kwa kuugeuza kitu kisichoombwa, kinachorudi, kisicho na mlango wa kutokea. Aliyejitoa kwenye kundi anaonekana ameikana familia. Mama wa mkahawa wa Bromley angewaelewa wote.

WhatsApp yenyewe ililiona tatizo. Mwanzoni mwa 2019 ilipunguza idadi ya magumzo, ya mtu au ya kundi, unayoweza kuyasambazia ujumbe kwa mpigo hadi matano duniani kote, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda kwenye gumzo moja tu kwa mara. Tangu 2019 pia mtumiaji anaweza kuchagua, kwenye mipangilio ya faragha, nani awe na ruhusa ya kumwingiza kwenye makundi. Ifungue leo na uweke watu unaowaamini tu. Anayekuhitaji kweli atakutumia mwaliko, na mwaliko ndiyo hodi.

Kwenye barua pepe, usifute tu. Bonyeza kitufe cha kuripoti barua taka. Vichujio vya leo hujifunza kwa kulinganisha barua ambazo watu wamezikataa na zile walizozipokea, njia ambayo ilipata umaarufu baada ya mwanakompyuta Paul Graham kuieleza mwaka 2002. Kila unapobonyeza, unamkinga mtu usiyemjua.

Kwa meseji za kitapeli nchini Tanzania, tuma taarifa kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa kazi hiyo, na piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa kuwa tapeli hupenda kujificha nyuma ya kitambulisho cha mtu mwingine. Kenya, mteja wa Safaricom anazipeleka 333. Na kwa mama, baba au bibi yako asiyejua namba hizi, kaa naye leo umwoneshe meseji ya ile hela inavyoandikwa, umwambie asimtumie mtu yeyote fedha kabla ya kumpigia kwa namba aliyoizoea na kuisikia sauti yake.